Pweza na Ngisi katika Historia ya Vita

Siku moja, katika somo la historia, tuliwaonyesha waseminari picha ya kale ya vita vikubwa vya 1914-1918. Ni afishi ya Wafaransa ya mwaka wa 1917, iliyochorwa na Maurice Neumont. Juu ya inchi ya Prusia amekaa nyama mmoja mkubwa, ananyosha mikono yake mirefu huku na huku juu ya ramani ya Ulaya. Tukauliza: «Mnaona nini?» Kijana mmoja akajibu mbio: «Padri, ni buibui.» Wenzake wakacheka sana, lakini tulipowauliza wao jina la kweli la nyama yule, wote wakanyamaza.

Yule nyama ni pweza. Tangu siku ile tuliona ni jambo la faida kuandika maneno machache juu yake, pamoja na ndugu yake ngisi. Maana nyama hawa wawili, ambao wengi wetu hatujapata kuwaona, wameingia sana katika historia ya vita: katika ramani, katika majina ya merikebu na ya silaha, hata katika alama za askari. Na ndani ya habari hiyo mna fundisho linalotuhusu sisi tunaofundisha watu.

I. Nyama mwenyewe

Sisi watu wa bara si ajabu tusimjue pweza. Kongo ni inchi kubwa sana, lakini mlango wake wa bahari, huko Moanda na Banana, ni wa kilometri 40 hivi tu. Waliozaliwa kando ya Tanganika wanajua mukeke na ndagala, wa Kivu wanajua sambaza. Lakini pweza na ngisi hawakai katika maji matamu hata kidogo. Wenzetu wa pwani ya Tanzania na Kenya, kwao ni kitoweo; nao ndio waliotupa majina hayo.

Pweza ana mikono minane, ambayo watu wa pwani huiita minyiri. Ngisi ana minane vilevile, tena miwili mirefu zaidi ya kukamatia. Mikono hiyo ina vikombe vidogo vinavyonyonya na kushika. Wote wawili hawana mifupa. Wanageuza rangi ya ngozi yao, na wakiogopa wanatupa wino mweusi majini, ili adui asiwaone wakikimbia. Damu yao ni ya buluu kwa sababu ya shaba iliyomo. Ndani ya mgongo wa ngisi mna kitu kigumu, kirefu na chembamba, mfano wa upanga mdogo. Msomaji aukumbuke upanga huo, maana tutaurudia.

II. Watu wa kale

Watu wa kisiwa cha Kreta, miaka 1500 hivi mbele ya Kristo, walipenda sana kumchora pweza juu ya vyungu vyao. Mikono yake inazunguka chungu chote, na macho yake makubwa yanamtazama mtu. Hamna uovu katika picha ile. Ni furaha ya watu wa bahari wanaotazama viumbe vya bahari.

Baadaye, karibu na mwaka wa 500 mbele ya Kristo, mji wa Eretria wa Wagreki ulitia pweza juu ya feza yake: upande mmoja ng'ombe, upande wa pili pweza. Mji huo uliteswa sana. Katika mwaka wa 490 Wapersi waliuteka, wakauchoma, wakawachukua watu wake utumwani. Miaka kumi baadaye, Wapersi waliporudi na jeshi kubwa, wakubwa wa Wagreki walikutana kufanya shauri la vita. Plutarko anasimulia kwamba mtu mmoja wa Eretria alitaka kumpinga Temistokle, mkubwa wa Waatene. Temistokle akamdharau mbele ya wote: akasema watu wa Eretria ni mfano wa ngisi, kwa sababu wana upanga, lakini moyo hawana.

Ni tusi kali, na watu wamelikumbuka kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Lakini tusome na mwandishi mwingine, Herodoto. Yeye anahesabu merikebu zilizopigana katika vita vya Salamina mwaka ule wa 480, na anataja saba za Eretria. Basi, mji uliochomwa miaka kumi tu mbele yake ulipata nguvu ya kutoa merikebu saba kwa ajili ya wote. Je, hao ni watu wasio na moyo? Tusi limekaa katika kumbukumbu. Merikebu saba zimesahauliwa. Ndivyo ilivyo nguvu ya picha iliyosemwa vizuri: inashinda hesabu ya kweli.

Mababa wa Kanisa nao walimjua pweza. Mtakatifu Basili, Askofu wa Kaisaria aliyekufa mwaka wa 379, anamtaja katika mahubiri yake juu ya siku sita za kuumbwa kwa dunia. Anasema pweza anajipaka rangi ya jiwe analolishika, hata samaki wanamkaribia bila kujua, naye anawakamata. Ndivyo walivyo, anasema, wale wanaowasifu wakubwa na kugeuka kila saa kwa kufuata nani anatawala. Tuangalie vema: Basili hatukani taifa lolote. Anamwambia kila msikilizaji ajichungue mwenyewe. Tutaona kwamba wachoraji wa vita walifanya kinyume.

III. Namna pweza alivyoingia katika ramani

Katika mwezi wa 11 wa mwaka 1861, merikebu ya vita ya Wafaransa, jina lake Alecton, ilikutana na ngisi mkubwa ajabu karibu na visiwa vya Kanaria. Askari walimpiga kwa mizinga na bunduki, wakamtupia kamba. Kamba ilipokaza ilimkata, wakapata kipande cha mkia tu. Walipopeleka habari Paris, wenye elimu wengi hawakusadiki. Lakini watu wa kawaida walishikwa na habari hizo. Mwaka wa 1866 Victor Hugo alitoa kitabu chake juu ya wavuvi wa kisiwa cha Guernsey, na ndani yake mtu anapigana na pweza. Kitabu hicho ndicho kilicholeta neno «pieuvre», lililokuwa neno la kisiwa kile, katika Kifaransa cha watu wote. Kisha Jules Verne akafuata katika mwaka wa 1870 na hadithi ya merikebu ya chini ya maji iliyoshambuliwa na nyama hao.

Basi Ulaya nzima ilikuwa imekwisha kujifunza kumwogopa pweza, vita vya Warusi na Waturuki vilipoanza katika mwaka wa 1877. Mwingereza mmoja, Fred W. Rose, akachora ramani ya kuchekesha. Kila inchi ya Ulaya ni mtu. Urusi peke yake si mtu, ni pweza mkubwa. Mikono yake inashika Wapolandi, inashika Wafini, inamnyoshea Mturuki. Ramani hiyo ilipendwa sana, na tangu hapo wengi wakaiga.

Mwaka wa 1904, Urusi na Japani zilipoanza kupigana, mwanafunzi mmoja wa chuo cha Keio, Kisaburō Ohara, alichora ramani ya Ulaya na Asia, na Urusi ikawa tena pweza mweusi. Mwenyewe alieleza kwamba amemfuata Mwingereza. Mwaka wa 1917 ni Mfaransa, kama tulivyoona, na pweza ni Prusia. Mwaka wa 1944 afishi ya Waholandi, iliyochorwa na Pat Keely, iliwaita watu wakomboe Indonesia. Na pweza sasa ni Mjapani! Hivyo katika miaka 40 tu Japani iliacha kuwa mchoraji wa pweza, ikawa pweza mwenyewe. Na Mwingereza, baba wa ramani hizi, hakupona: tangu mwaka wa 1882 Waamerika walimchora kama nyama wa bahari mwenye mikono mingi, anayenyosha mmoja juu ya Misri. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Afishi moja yatuhusu zaidi, kwa sababu ramani yake inaonyesha Afrika. Ilitolewa mwaka wa 1942 na upande wa serikali ya Vichy, katika Ufaransa iliyoshindwa na Wadachi. Pweza ana uso wa Churchill na sigara mdomoni. Mikono yake inashuka juu ya Afrika na inchi za Mashariki, na kila mkono umekatwa, unatoka damu: Dakar, Mers el-Kébir, na mahali pengine. Maneno ya chini yanawaambia Wafaransa wawe na matumaini, kazi ya kumkata inaendelea.

Sasa tufikiri. Mwaka mmoja mbele yake, yaani 1941, askari wa Force Publique walitoka Kongo wakapita Sudani, wakaingia Etiopia, wakapigana Asosa na Gambela, hata jenerali wa Waitalia akajitoa mbele yao huko Saio katika mwezi wa 7. Wengi waliugua njiani, wengine hawakurudi. Walikuwa wana wa vijiji vyetu, wengine wakiwa wakristu. Katika lugha ya afishi ile, wao ni nini? Si watu. Ni nyama ya mkono wa pweza tu, kitu cha kukatwa. Mchoraji hakuwaona.

Hapa tunagundua uongo mkubwa wa picha hii. Pweza ana kichwa kimoja na mikono mingi. Anayechora pweza anasema: taabu zote hizi, hapa na pale, zatoka katika kichwa kimoja. Lakini historia haiendi hivyo. Wabulgari walioasi katika mwaka wa 1876 walikuwa na sababu zao wenyewe juu ya Waturuki. Hawakuwa kidole cha Urusi tu. Askari wa Saio alikuwa na mama yake, kabila lake, mshahara wake mdogo na woga wake. Picha ya pweza inaondoa sababu zote, inabakiza moja. Ni njia rahisi kwa mwalimu mvivu, nayo ni hatari.

Ni hatari namna gani? Karibu na mwaka wa 1938, mchoraji wa Wanazi aliyejiita Seppla alichora pweza aliyekumbatia dunia nzima, na juu ya kichwa chake nyota ya Daudi. Yaani: Wayahudi wote ni nyama mmoja, kichwa kimoja, nia moja. Tunajua yaliyofuata. Wayahudi karibu milioni sita waliuawa. Hatusemi picha moja iliwaua. Lakini picha za namna hiyo, zikirudiwa miaka mingi, zilifundisha macho ya watu wasimwone tena jirani.

Mtu atauliza: je, kila picha ya nyama ni mbaya? Hapana. Mwaka wa 1906 gazeti la Punch la London lilitoa picha ya Linley Sambourne juu ya inchi yetu. Mtu wa Kongo amefungwa na nyoka wa mpira, na nyoka huyo ana kichwa cha mfalme Leopold II. Lakini tazameni tofauti. Uso wa nyoka ni wa mtu mmoja mwenye madaraka, anayeshtakiwa kwa matendo yaliyokwisha kushuhudiwa. Tena anayeteswa anaonekana: ana mwili, ana uso, tunamhurumia. Picha ile inashtaki tendo. Picha ya Seppla inashtaki kuzaliwa.

IV. Majina juu ya merikebu na silaha

Upande mwingine wa habari hii ni wa ajabu. Wale wanaomchukia pweza katika ramani ya adui wanapenda jina lake katika jeshi lao.

Waamerika walishusha majini katika mwaka wa 1906 merikebu ya chini ya maji iliyoitwa Octopus, yaani Pweza. Ikaanza kazi ya jeshi mwaka wa 1908. Ilikuwa na ndugu yake mwingine, Cuttlefish, jina la nyama wa jamaa ya ngisi. Mwaka wa 1911 jeshi liliondoa majina hayo ya viumbe, likatia herufi na hesabu: Octopus ikawa C-1, Cuttlefish ikawa B-2.

Waingereza nao, katika vita vya 1939-1945, walitengeneza silaha iliyoitwa Squid, yaani Ngisi. Tueleze kazi yake. Merikebu ilikuwa ikitafuta adui aliye chini ya maji kwa kusikiliza mwangwi wa sauti. Lakini ilipofika juu yake ili kumtupia mabomu kwa nyuma, mwangwi ulipotea, na adui akapata dakika ya kugeuka na kukimbia. Ngisi aliondoa shida hiyo. Ni mzinga wa midomo mitatu, unaotupa mabomu matatu mbele ya merikebu, mbali kadiri ya metri 250, wakati mwangwi unasikika bado. Kila bomu lilikuwa na uzito wa kilo 177. Yalianguka kwa umbo la pembe tatu, na chombo chenyewe cha kusikiliza kiliyapa kipimo cha kina cha maji hata saa ya kupiga. Yalipopasuka pamoja, maji yalimbana adui pande zote. Tarehe 31 ya mwezi wa 7, 1944, merikebu Loch Killin ilipata ushindi wa kwanza wa silaha hiyo: U-333 ya Wadachi ilizama na watu wake wote 45.

Warusi wana mzinga wa milimetri 125 unaotembea kama kifaru na kushushwa kwa mwavuli toka ndege. Unaitwa Sprut, na neno hilo kwao maana yake ni pweza. Na Waamerika, tarehe 5 ya mwezi wa 12, 2013, waliporusha chombo cha kupeleleza kutoka angani, kiitwacho NROL-39, walikipa alama hii: pweza aliyekumbatia dunia, na chini yake maneno yanayosema kwamba hakuna kilicho mbali na mikono yetu. Ndugu wasomaji, ni ile ile picha ya Fred Rose! Yale yaliyokuwa mashtaka katika mwaka wa 1877 yamekuwa majivuno katika mwaka wa 2013.

Wajapani wao walichukua mfano tofauti. Wavuvi wao humnasa pweza kwa chungu kinachoitwa takotsubo. Chungu kinashushwa chini ya bahari. Pweza anatafuta shimo la kujificha, anaingia mwenyewe, na kumbe ni kaburi lake. Askari walitumia neno hilo kwa shimo la mtu mmoja, analochimba ili ajifiche na kupiga bunduki. Hapa askari hajivuni. Anajua yeye ndiye pweza, na shimo lake laweza kuwa chungu. Kati ya majina yote tuliyotaja, hili ndilo la kweli kuliko yote, kwa sababu limesemwa na mtu aliyemo ndani. Katika mwaka wa 1990 waganga wa Japani walilipa jina hilo gonjwa moja la moyo: mara nyingi mtu hulipata baada ya majonzi makubwa, na sehemu ya moyo wake inavimba kwa umbo la chungu kile.

Wako pia wanaotengeneza mifano midogo ya vitu hivi vyote, kwa mti au kwa plastiki. Ni kazi ya uvumilivu: kifaru hupunguzwa mara 35, merikebu mara 350 au 700. Hatuidharau kazi hiyo. Hata katika shule mfano mdogo wafundisha kuliko maneno mengi. Mwenye kuunda midomo mitatu ya Squid kwa mikono yake hataisahau. Lakini katika mfano uliopunguzwa mara 700, mtu ni mdogo kuliko punje ya ulezi, na mara nyingi hawekwi kabisa. Kazi ya mwalimu wa historia ni kuwarudisha watu 45 wa U-333 katika mfano, pamoja na wale waliozamishwa nao.

V. Fundisho

Kwa nini tumeandika haya yote kwa mapadri, waseminari na wakatekista? Kwa sababu hatuhitaji bahari ili kuchora pweza. Mwaka wa 1994, kwa jirani zetu wa Rwanda, redio ilimwita Mtutsi «inyenzi», yaani mende. Na watu waliosikia jina hilo kila siku walishika mapanga. Na sisi wa Kongo tusijione safi. Majina ya nyama tunayopeana kabila kwa kabila, tunayajua wenyewe. Tunayasikia sokoni, katika kambi, na wakati mwingine, kwa haya yetu, mbele ya mlango wa kanisa baada ya Misa.

Basi picha ya namna hii ikiletwa mbele ya wakristu wetu, katika gazeti au katika simu ya mkononi, tuwafundishe kuuliza mambo matatu. La kwanza: nani amechora, naye anaogopa nini? La pili: uso wa nani haumo katika picha? La tatu: tukiutazama kila mkono peke yake, je, kweli unatoka katika kichwa kimoja, au kila mahali pana sababu yake? Mwenye kuuliza hayo hatadanganyika upesi. Na akiona uovu wa kweli, ataushtaki kwa jina la tendo na la mtendaji, bila kutukana kabila la mtu.

Turudi mwisho kwa Temistokle. Alisema ngisi ana upanga, lakini hana moyo. Upanga upo kweli, tumeuona. Lakini juu ya moyo alikosa. Wenye elimu ya viumbe wamempasua ngisi na pweza, wakakuta ndani yao, si moyo mmoja, bali mitatu.